Kurasa Kumi na Sita za Mpiga Chapa

Nani kati yenu, ndugu waombolezaji, hajawahi kuficha kitabu cha yule mpelelezi Koti chini ya godoro? Msininyooshee mikono, hapa ni msibani, lakini najua wapo akina baba humu ambao shuleni walikikata kitabu kimoja vipande vinne ili wakisome wanne kwa mpigo, na yupo shangazi mmoja, simtaji, aliyeunguza nguo ya watu kwa pasi kwa sababu Koti alikuwa amefungiwa stoo na funguo anazo muuaji. Ishikeni kumbukumbu hiyo, tutaihitaji mbele, kwa sasa naomba nianze kama taratibu inavyotaka.

Mimi ni kitinda mimba wa marehemu, nasoma kwa niaba ya familia, au niseme kwa niaba ya sehemu ya familia, maana karatasi iliyopitishwa kwenye kikao ninayo mkono wa kushoto, ina ukurasa mmoja, imechapwa ikachapika, na hii ninayoisoma iko mkono wa kulia, nimeiandika mwenyewe. Msimamizi wa ratiba amenipa dakika saba, nakuheshimu mzee wangu, lakini miaka sitini na minane haiingii katika dakika saba, na aliyekaa karibu na swichi ya kipaza sauti ni binamu yangu, tumeshaongea naye.

Mama yetu mpendwa alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, katika chumba cha nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi la babu yetu, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano, na wa pekee aliyezaliwa dukani, kwa sababu bibi alikuwa anapima mbao na hakutaka kumwacha mteja njiani. Duka hilo ndilo lililomlea, ndilo pia lililomharibu, maana babu alikuwa ananunua kwa uzito marobota ya vitabu na magazeti chakavu kutoka nje ili kufungia misumari, na ndani ya marobota mlikuwa na vijitabu vya upelelezi vya jalada kali, mwanamke wa viatu virefu, mwanamume wa kofia na bastola, hadithi ambayo imezaliwa nchi moja, ikatafsiriwa ya pili, ikaibwa ya tatu, ikachakaa ya nne, ikaja kwetu kubeba misumari ya inchi tatu. Babu alikuwa na mtindo wa kuchana kuanzia mwisho, kwa hiyo mama alijifunza kusoma katika vitabu ambavyo muuaji wake ameshauzwa pamoja na misumari, na wakati wa kuosha vyombo aliwasimulia ndugu zake mwisho aliobuni mwenyewe, na aliyelalamika alibadilishiwa. Mjomba wetu, yule pale wa miwani, anasema mpaka anafika darasa la sita aliamini kwamba vitabu vyote vya Ulaya huishia kwenye karai la vyombo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1958 hadi Desemba 1965, katika shule iliyopakana na karakana ya reli, kisha sekondari ya bweni ya wasichana kuanzia 1966 hadi 1969, ambako mwalimu mmoja mkali, ambaye wanafunzi walimwita Bi Rula, alimfundisha Kiingereza mchana na Kifaransa jioni, na mpaka uzeeni mama akitaka kufunga mjadala nyumbani alisema tu fini, yaani imekwisha, na ulikuwa umefungika. Alifaulu kwa daraja la pili, alitamani kuendelea, lakini nafasi ya kusomeshwa ilikuwa moja na kaka zake walikuwa wawili, na hesabu hiyo hata mimi mwenye digrii sijaipatia jibu tofauti na lile alilopewa yeye. Mwaka 1970 alijiunga na chuo cha uhazili, akahitimu kwa kasi ya maneno sitini na mawili kwa dakika bila kosa, na naomba mkumbuke hilo la bila kosa, kwa sababu maisha yake yote ya kazi yalijengwa juu ya makosa.

Tarehe 1 Februari 1971 aliajiriwa kuwa mpiga chapa katika kiwanda cha uchapaji, kilichokuwa kinachapa kalenda, vitabu vya stakabadhi na kadi za mialiko, chini ya mwanzilishi wake tuliyemwita Mzee wa Kiwanda, baba mzazi wa Mkurugenzi wa sasa, ambaye kwa mujibu wa ratiba mliyo nayo amekaa safu ya mbele, kiti cha tatu kutoka kushoto, nakushukuru sana bosi kwa kuja, naomba usiondoke mapema. Mwaka 1973 Mzee wa Kiwanda alirudi safari akiwa na kitabu cha upelelezi alichokisoma ndani ya ndege, akasema kama mataifa yote yanasoma hiki, kwa nini watu wetu wasome kalenda, akampa karani mstaafu wa mahakama akitafsiri. Karani alikitafsiri kwa adabu zote za mahakama, kiasi kwamba jambazi akitaka kuvunja mlango anabisha hodi kwanza, na mpelelezi akimwelekezea mtu bastola anamwomba, kwa heshima na taadhima, iwapo ana nafasi, ainue mikono yote miwili. Mama alipewa muswada huo aupige chapa, akapiga ukurasa wa kwanza, akautazama, akauchomoa kwenye mashine, akaingiza karatasi nyingine, na kuanzia hapo mpelelezi akasema:

"Weka mikono niione, ndugu. Mimi leo sina haraka, sijui wewe."

Mzee wa Kiwanda alisoma nakala hiyo ofisini kwake akicheka peke yake, akamwita, akamuuliza kama haya ndiyo aliyoyaandika karani, mama akajibu kwamba hapana, ni makosa ya kupiga chapa. Mzee akamwambia aendelee kukosea.

Akaendelea kukosea miaka ishirini na minne, kuanzia 1974 hadi 1998, vitabu thelathini na saba, vyote vikibeba jalada lenye jina la mtu ambaye hajawahi kuzaliwa, Kalamu Kavu, jina lililotungwa kiwandani wakati wa chai. Vitabu asilia alivipata kwa Kiingereza na kwa Kifaransa, vingine vilikuwa tafsiri ya tafsiri, na kazi yake haikuwa kuhamisha maneno tu, ilikuwa kumhamisha mtu mzima na mizigo yake, maana mpelelezi wa vitabu vile huvaa koti refu la mvua, na kwetu jua linayeyusha lami. Aliona kumvua ni kumvunjia heshima, kumvalisha ni kumuua kwa joto, akaamua alibebe mkononi, vitabu vyote thelathini na saba, kila anakoingia watu wanamuuliza kulikoni na koti, naye hajibu, na ninyi wasomaji mkampa jina hilo. Theluji ikawa vumbi, mvua ya kijivu ikawa umeme uliokatika, na kwa kuwa Mzee wa Kiwanda alikuwa na sharti kwamba askari wasiguswe, ilhali katika vitabu asilia nusu yao wameshanunuliwa na nusu wanasubiri mnunuzi, mama alitii kwa moyo wote, akaandika askari wema kupita kiasi, wanaofika penye mauaji wakaiomba maiti radhi kwa kuchelewa, mkacheka mpaka mkalia, na hakuna ofisi iliyopata neno la kulalamikia.

Chuoni tulifundishwa kuuliza kwa nini hadithi za aina hii zilizunguka dunia nzima kama mafua, tukaandika kurasa na kurasa, lakini mama alinijibu siku moja akichambua mboga, kwamba kila nchi ina mji, kila mji una mkubwa mmoja asiyeguswa, na kila mkubwa asiyeguswa ana mtu mmoja aliyemnyamazisha, kwa hiyo hadithi haisafiri, inakuta wenyeji wake wapo.

Tarehe 6 Septemba 1975, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na baba yetu mpendwa, mpanga herufi wa kiwanda hicho hicho, mtu aliyekuwa akisoma herufi za chapa, zile za madini ya risasi, kinyumenyume vizuri kuliko wengi wetu tunavyosoma kawaida, na ndiye wa kwanza kumgundua, kwa sababu aliona kwamba Kalamu Kavu na mpiga chapa wote wana ugonjwa mmoja, wakifika penye neno akafa wanasahau kuweka nukta. Hakusema kwa watu. Alimwendea wakati wa chai, akafungua kiganja, ndani mna nukta moja ya risasi, akamwambia hii ni yako, Bi Kalamu, umeisahau kwangu, na mambo mengine yakafuata. Baba mkwe alipopata fununu alisema mke wa mtu haandiki walevi na maiti, hivyo jina la kubandika likawa ngao, ngao ikawa mazoea, na mazoea, ndugu zangu, ndiyo kufuli isiyohitaji ufunguo.

Walijaliwa watoto watatu, kaka yetu mkubwa, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1977, ambaye tangu 2001 ni dereva wa kampuni ya Mkurugenzi, dada yetu, aliyezaliwa tarehe 19 Oktoba 1981, ambaye ni mkunga, na mimi, niliyezaliwa tarehe 30 Januari 1991, ambaye mwaka 2015 nilihitimu digrii ya fasihi, Upper Second, na tangu hapo kazi yangu ni kupeleka sivii kwa watu wanaoniambia watanipigia. Baba yetu alifariki tarehe 8 Aprili 1999, na mama hakuandika tena kitabu kwa miaka kumi na minane, alisema hakuna wa kumwekea nukta.

Narudi nyuma kidogo, mnivumilie, kwa sababu hapa ndipo penye mwiba. Mwezi Julai 1979 kililetwa kitabu cha Kifaransa, tafsiri ya kitabu cha nchi nyingine, mama akakifanyia kazi mpaka mwisho, na mwisho haukuwepo, kurasa kumi na sita za nyuma zilikuwa zimeng'oka zikapotea safarini. Mashine ilikuwa imepangwa kuanza Jumatatu, Mzee wa Kiwanda akasema tuahirishe, mama akasema hapana, nimelelewa na misumari mimi, akaketi siku mbili akaandika mwisho wake. Katika vitabu vya aina ile mwisho huwa ni bastola, ama ni gari kwenye mvua, lakini mama aliona kwamba kwetu bastola ni wachache walioishika, ila msiba kila mtu ameukalia, kwa hiyo Koti hakufyatua kitu. Koti alikwenda mazishini, akapokea karatasi ya historia ya marehemu aliyoandikiwa, akaiweka chini, akasoma nyingine, kuzaliwa, shule, kazi, ndoa, tarehe kwa tarehe, kwa sauti ya upole, mbele ya majirani, huku muuaji ameketi safu ya mbele amevaa nyeusi, na kila tarehe iliyosomwa ilikuwa inamvua uongo mmoja, mpaka akasimama mwenyewe bila kuguswa na mtu. Koti akalitundika lile koti, kwa mara ya kwanza na ya mwisho, kwenye kiti cha marehemu, akatoka juani mikono mitupu.

Wengi wenu mnaikumbuka sura hiyo, naona vichwa vinavyotikisika, na nilipoandika hapa kwamba vitatikisika sikuwa nabahatisha, maana ndiyo sura iliyoandikiwa insha, ndiyo iliyosomwa redioni, na ndiyo iliyopanda ndege kurudi kule zilikotoka hadithi hizi. Kitabu kile kilitafsiriwa katika lugha tatu za nje, wahakiki wa huko wakasema hawajaona mwisho kama huu, na tarehe 23 Novemba 2017, katika ukumbi wa mji wa mbali wenye baridi, Mkurugenzi alipanda jukwaani, akapokea tuzo, akakiri mbele ya kamera kwamba Kalamu Kavu ni yeye. Alisema, na video ipo, mtu yeyote mwenye simu anaweza kuitazama akitoka hapa, kwamba mwisho ule ulimjia akiwa kwenye mazishi ya baba yake mzazi.

Mzee wa Kiwanda, Mungu amrehemu, alizikwa tarehe 12 Juni 1986. Kitabu kilitoka mashineni Agosti 1979. Bosi, with due respect, ulihuzunika mapema.

Lakini kabla sijamnyooshea mtu kidole, kidole cha kwanza ni changu, kwa kuwa tasnifu yangu ya chuo kikuu niliiandika juu ya Kalamu Kavu, na mama ndiye aliyeniandikia kwenye kompyuta, mimi nikizunguka chumbani nikimsomea kama bwana mkubwa. Ukurasa wa arobaini na moja nilisema kwamba mwisho ule wa mazishini ni dhahiri umeazimwa kutoka utamaduni wa kigeni, kwani mwandishi wa kwetu asingefikia ubunifu huo peke yake. Vidole vyake vikasimama, akaniuliza kama nina hakika. Nikamjibu:

"Mama, wewe piga tu. Haya ni mambo ya nadharia."

Akapiga. Sentensi nzima, bila kosa. Maksi nilizipata, hiyo Upper Second yangu imejengwa hapo, na kila anayenisikia nikiwakaripia wakubwa wa nchi hii kwamba wanaibia vijana, ajue kwamba na mimi nimewahi kumwibia mtu, tena akiwa amekaa kwenye kiti mbele yangu, akiniandikia wizi wenyewe.

Mwaka 2016, mwezi Machi, madaktari waligundua kwamba mama ana ugonjwa wa kutetemeka, ukaanza na kidole kidogo cha kulia, ukahamia mkono, na mwisho wa mwaka hakuweza tena kupiga chapa, maneno sitini na mawili kwa dakika yakawa kikombe kimoja cha chai kwa mikono miwili. Hapo ndipo alipoanza kuandika tena, kwa kalamu, asubuhi dawa inapokuwa imeshika, nusu ukurasa kwa siku, kwenye kaunta buku, yale madaftari makubwa ya jalada gumu, na baada ya mwaka na nusu zilikuwa nne. Hiki hakikuwa cha kutafsiriwa. Tarehe 11 Juni 2018, Jumatatu, alizipeleka mwenyewe kwa Mkurugenzi, kaka akiendesha gari, akamwambia kwamba thelathini na saba ni vyako, siviombi, hiki kimoja kitoke na jina langu. Nakala nyingine hakuna, kwa sababu mwenye kutoa nakala alikuwa ni yeye, na mikono ilikwisha kukataa. Mkurugenzi alipokea kwa mikono miwili, akaahidi kusoma, na akasoma kweli, tunajua amesoma, kwa sababu tarehe 18 Mei mwaka huu kampuni ilitoa tangazo gazetini kwamba baada ya ukimya wa miaka zaidi ya ishirini, Kalamu Kavu anarudi.

Kesho yake, Jumapili, mama aliniagiza nimletee sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na kitabu cha Kifaransa kisicho na kurasa kumi na sita za mwisho, nakala za kaboni za kurasa kumi na sita alizozijaza, zenye saini ya Mzee wa Kiwanda na tarehe ya 1979, na nukta moja ya risasi ndani ya kibiriti. Aliniacha nisome, mimi msomi. Nilipomaliza nilishindwa kumtazama, na yeye akaniambia:

"Tasnifu yako iliandikwa vizuri. Ilikosa ushahidi tu."

Kuanzia Julai hali yake ilibadilika, akapata homa ya mapafu, akalazwa tarehe 21 Agosti, wadi namba sita, kitanda cha dirishani, na kila aliyeingia aliulizwa swali moja, kama madaftari yamerudi. Kaka alikwenda kuyaulizia mara tatu, mara ya kwanza aliambiwa yako kwa mhariri, mara ya pili madaftari gani, mara ya tatu alikumbushwa kwamba gari analoendesha lina madereva wengi wanaolitaka. Mama yetu aliaga dunia Jumanne, tarehe 3 Septemba 2019, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na minane, miezi mitano na siku ishirini, dada akimshika mkono wa kulia, na mkono, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu, ulikuwa umetulia.

Alhamisi, Mkurugenzi alifika msibani, akatoa pole, akaniita nikae naye garini, kaka yangu akiwa kwenye usukani, kioo kimefungwa. Alinipa bahasha mbili. Ya kwanza ilikuwa na historia ya marehemu iliyoandaliwa na ofisi yake ili kuisaidia familia, ndiyo hii ya mkono wa kushoto, inasema marehemu alikuwa mpiga chapa mwaminifu, mnyenyekevu, asiyekosea. Ya pili ilikuwa barua ya ajira, mhariri msaidizi, niripoti Jumatatu, tarehe 9 Septemba, saa mbili kamili asubuhi. Miaka minne nimeitafuta barua ya namna hiyo kwa viatu viwili vilivyokwisha soli, na ikaja siku ya pili ya kifo cha mama yangu. Akaniwekea mkono begani, akasema:

"Mwanangu, mama yako hakupenda makuu. Usimpe ukubwa ambao hakuuomba."

Nilizichukua bahasha zote mbili, sitawadanganya. Nilikaa nazo siku mbili. Niliisoma ile barua mara nyingi kuliko nilivyomsoma mama yangu. Na leo asubuhi, wakati tunabeba viti, kaka yangu, mtu aliyeniogesha nikiwa mtoto, alinishika mkono nyuma ya tangi la maji akaniambia:

"Mdogo wangu, soma walichoandika. Mimi nina watoto."

Kaka, jibu langu ndilo hili unalolisikia, na naomba unisamehe mbele ya watu wote hawa, kwa sababu wewe huna kosa lolote, ulimpeleka mama kwa gari ukamrudisha salama. Kama Jumatatu utaambiwa ukabidhi funguo, watu mia nne waliokaa hapa watajua ni kwa nini, na mia nne ni wengi kuliko walinzi wa geti.

Sasa ile kumbukumbu ya vitabu vya Koti niliyowaomba mwanzoni muishike, maana ninyi ndio mnaoijua sauti yake. Mama alinisomea ukurasa wa kwanza wa kitabu chake cha mwisho, asubuhi aliyoumaliza, akiwa amekaa kwenye kiti kile cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya. Msimulizi si Koti, Koti amekufa, msimulizi ni mwanamke aliyekuwa mpiga chapa wake, na sentensi ya kwanza inasema hivi, naomba muisikilize kama mnavyosikiliza wosia:

"Nimepiga chapa vifo thelathini na saba, na kila muuaji alinishukuru kwa kazi safi."

Irudieni moyoni. Mwalimu mstaafu, jirani yetu, najua kalamu yako haikosekani mfukoni, iandike nyuma ya ratiba uweke na tarehe ya leo. Siku mtakapokiona kitabu hicho dukani, fungueni ukurasa wa kwanza, halafu mtazame jina lililoko juu ya jalada, na ninyi wote mtakuwa mashahidi.

Familia inatoa shukrani za dhati kwa madaktari na wauguzi wa wadi namba sita, hasa muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyemwinua mama kila siku ili aone dirisha, kwa majirani wa mtaa wetu kwa viti, sufuria na mabega, kwa mkunga mkuu aliyempa dada ruhusa bila kuuliza siku ngapi, na kwa wafanyakazi wenzake wa zamani kiwandani, wapanga herufi, wajalidi na waendesha mashine, ambao mlijua, mlijua miaka yote, na leo mmekuja wote mkiwa mmebeba vitabu vya Koti chini ya kwapa, nimewaona pale getini, msidhani sijawaona.

Mama, pumzika. Nukta yako hii hapa, nitakuwekea mwenyewe mkononi kabla hatujafunika, hii hutaisahau.

Na wewe Mkurugenzi, kiti cha tatu, barua yako ya ajira nimeiweka juu ya meza ya maua, unaweza kuipitia. Jumatatu saa mbili kamili nitakuwa mlangoni kwako, kama ilivyoagiza, ila sitakuja kuanza kazi. Nitakuja kuchukua kaunta buku nne, zikiwa nzima, hakuna ukurasa uliochanwa, maana kwetu ukurasa ukichanwa tunajua kuujaza, na nitataka barua mbili zenye saini yako, moja kwa gazeti lililochapa tangazo lako, moja kwa wale waliokupa tuzo, ikitaja jina la mama yangu lote kamili kama lilivyo kwenye ratiba uliyoishika. Hakuna mtu atakayekugusa. Simama.